Kusafisha Rejeta na Kuweka Kulanti Bila Gari Kuchemsha Tena: Mwongozo Kamili

Juzi kijana mmoja, dereva wa watalii, alinisimamishia gari mlangoni hapa Majengo, Moshi, boneti iko juu na mvuke unafuka.

"Shikamoo Mwalimu. Rejeta nimeiosha mwenyewe, sasa gari linachemsha kuliko mwanzo."

"Marahaba. Umeiosha na nini?"

"Maji makali ya betri. Halafu nikamalizia na magadi."

"Magadi yapi?"

"Haya haya ya makande."

Kijana si mzembe. Alijua asidi inakula uchafu, akajua magadi yanaua asidi. Alichokosa ni kujua asidi ipi, magadi yapi, kiasi gani, na kipi kitangulie. Nimefundisha kemia kabla ya kushika spana, na kosa hili naliona kila mara, Arusha na Moshi. Basi naandika yote kwa mpangilio. Tenga siku nzima, na gari liwe limelala usiku mzima bila kuwashwa.

Vifaa

Kabla ya kununua chochote, tafuta kwenye kitabu cha gari mfumo mzima unachukua lita ngapi. Mifano yangu yote hapa chini ni ya gari la lita 6. La kwako likiwa la lita 9, zidisha kila kiasi mara moja na nusu.

- Kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, iliyo nzito, isiyochanganywa na maji, lita 3. Chupani iwe imeandikwa kwamba inatakiwa kuchanganywa. Ile iliyochanganywa tayari haifai kwa njia hii, sababu utaiona Hatua ya 7.
- Maji ya betri, yaani yale yasiyo na madini, lita 10 hadi 12.
- Asidi ya sitriki gramu 150. Ni unga mweupe mchachu, unapatikana kwenye maduka ya vifaa vya keki na juisi.
- Bekin soda gramu 100. Si bekin pauda, na si magadi ya sokoni.
- Karatasi za kupimia pH: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni besi, kinyume cha asidi. Ukizikosa, maua makavu ya rosela yatakusaidia.
- Glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, beseni pana, faneli, koleo, bisibisi, na dumu lenye mfuniko wa kukaza.

Kuhusu rangi ya kulanti: kijani, nyekundu, bluu au pinki ni rangi tu iliyotiwa kiwandani. Kampuni mbili zinaweza kutumia rangi moja kwa dawa tofauti kabisa. Soma maandishi ya chupa uyalinganishe na kitabu cha gari. Na yale maji ya kijani yanayouzwa bei ya soda kando ya barabara, ambayo chupa yake haitaji glikoli, kiini cha kulanti, popote, mengi ni maji na rangi.

Tahadhari moja ya dukani. Maji ya betri na maji makali, yaani asidi ya betri, huwa yanakaa rafu moja, wakati mwingine kwenye chupa zinazofanana. Ukifika nyumbani, vaa glavu, dondosha matone mawili juu ya bekin soda kidogo. Ikitoa mapovu, umeuziwa asidi. Irudishe.

Hatua ya 1: Tazama kabla ya kumwaga

Gari likiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta. Rejeta ya moto haifunguliwi, hata kwa kitambaa, hata "kidogo tu". Mle ndani maji yanaweza kuwa juu ya nyuzi 100, yamezuiwa na shinikizo pekee. Ukilegeza mfuniko yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni.

Sasa angalia rangi. Kahawia kama chai ya rangi ni kutu. Ukoko mweupe mdomoni mwa rejeta ni chokaa ya maji ya bomba. Vyote viwili vinasafishika. Lakini ukiona kitu kizito kama uji wa maziwa, oili na maji vimekutana, na huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Hapo acha. Hakuna dawa ya kuosha itakayoponya gasketi.

Kisha chovya karatasi ya pH. Kulanti nzima inasoma kati ya 7.5 na 11 kutegemea aina. Chini ya 7 imeshakuwa asidi. Haijaingiliwa na kitu, ni uzee wake wenyewe: glikoli ikikutana na joto na oksijeni kwa miaka inaoza taratibu na kuwa asidi ya glikoliki na asidi ya fomiki. Kiwandani huwa inatiwa akiba ya besi ili kuzimeza asidi hizo zinapozaliwa. Akiba ikiisha, asidi inageukia aluminiamu ya injini yako. Ndiyo maana kulanti inabadilishwa hata kama haijapungua.

Hatua ya 2: Mwaga, na uifungie

Weka beseni chini ya koki ya rejeta, fungua koki, kisha fungua mfuniko wa juu ili hewa iingie. Kama injini ina nati yake ya kumwagia na unaifikia, fungua na hiyo. Pima umemwaga lita ngapi, uandike.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kimiminika kilicho kwenye beseni ni sumu yenye ladha tamu. Mbwa anailamba, mtoto anaionja na kurudia. Ikishaingia mwilini, ini linaibadilisha kuwa asidi, na ya mwisho kati ya hizo, asidi ya oksaliki, inashikana na kalisi na kutengeneza fuwele ndani ya figo. Kiasi kidogo kinatosha kuua mtoto. Mwanzoni anaonekana kama mlevi tu, na watu wanamlaza apumzike.

Kwa hiyo usiiweke kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Mtu akiinywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali kubwa, KCMC au Mount Meru kwa huku kwetu, na ubebe chupa yake.

Usiimwage mtaroni wala kwenye mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba. Wanaoishi Kibosho, Machame au Marangu wanajua mfongo ukipita kwako, chini kuna ng'ombe na mabustani ya watu. Ifunge kwenye dumu, andika SUMU kwa kalamu nene, kisha upeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu na uwaulize kama wanapokea.

Umefanikiwa ikiwa: beseni halijabaki peke yake hata dakika moja.

Hatua ya 3: Suuza kwa maji matupu

Funga koki. Jaza maji ya bomba, weka hita kwenye joto la mwisho, washa injini bila kufunga mfuniko. Subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta upate moto, maana hapo themostati imefunguka, kwa magari mengi kati ya nyuzi 82 na 88. Kabla ya hapo maji yanazunguka ndani ya injini tu, rejeta haipati kitu. Zima, acha ipoe angalau saa moja, mwaga. Rudia hadi maji yatoke karibu meupe.

Na kama mtu aliitoa themostati yako akakuambia "nchi yetu ya joto haihitaji", irudishe. Injini isiyofika joto lake inakula mafuta na kuchakaa upesi. Kulanti nayo inapita kwenye rejeta wakati wote, hata asubuhi ya baridi ya Julai.

Hatua ya 4: Asidi, lakini laini

Kama Hatua ya 1 haikuonyesha kutu wala ukoko, ruka hadi Hatua ya 6. Asidi si lazima kwa kila mtu.

Ukoko mweupe kwa sehemu kubwa ni kabonati ya kalisi, mwenzake wa chokaa. Asidi ikiugusa, unavunjika na kutoa gesi ya kaboni dioksaidi, ndiyo mapovu utakayoyaona. Swali ni kile kinachobaki baada ya mapovu, na hapo ndipo kijana wetu alipopotea.

Maji makali ya betri ni asidi ya salfuriki. Ikikutana na chokaa inazaa salfeti ya kalisi, yaani jasi, ile ile inayochimbwa Makanya kule Same. Jasi haiyeyuki vizuri kwenye maji: lita nzima inayeyusha gramu mbili na kitu tu. Kwa hiyo alibadilisha ukoko kuwa ukoko mwingine, nao ukabanduka vipande vipande na kuziba vijibomba vya rejeta. Gari likachemsha kuliko mwanzo, kama alivyosema.

Dawa ya choo nayo mara nyingi ni asidi ya haidrokloriki. Chokaa itaiyeyusha kweli, ila ina kloraidi, na kloraidi inatoboa aluminiamu vitundu vidogo vidogo. Rejeta haivuji leo. Inavuja mwezi wa tatu. Mimi mwenyewe niliwahi kuitumia kwenye gari la mjomba, miaka hiyo, nikasifiwa kwa kazi safi. Sifa hazikufika Pasaka.

Asidi ya sitriki, ile inayoipa ndimu uchachu, ni dhaifu. Inaipa chokaa muda wa kuyeyuka, tena inaikamata chuma ya kutu na kuibeba nje.

Yeyusha gramu 150 kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu pembeni. Mimina kwenye rejeta, jazia maji, mfuniko uwe wazi. Washa, subiri mpira wa juu upate moto, kisha hesabu dakika 15 hadi 20. Usizidishe ukidhani ndiyo itang'aa. Ikishamaliza chokaa na kutu, asidi haina adabu ya kusimama, inaanza chuma chenyewe. Zima, acha ipoe, mwaga.

Usichanganye asidi yoyote na jiki, hata kwa bahati mbaya kwenye ndoo isiyosuuzwa. Inatoka gesi ya klorini, na gesi hiyo imewahi kupigana vitani.

Umefanikiwa ikiwa: maji yanayotoka ni ya njano au kahawia yenye chenga, na mdomo wa rejeta unaonyesha chuma, si ukoko.

Hatua ya 5: Besi, na magadi matatu tofauti

Asidi iliyojificha kwenye kona za injini lazima izimwe. Lakini "magadi" kwa Kiswahili chetu cha sokoni ni jina la ukoo, lina watoto watatu wasiofanana tabia.

Wa kwanza ni magadi ya mawe, yanayotoka Ziwa Natron na kwingineko, ya kulainishia makande na kiburu. Hayo ni kabonati na bikabonati ya sodiamu kwa pamoja, na pH yake ni kama 10. Yanakuja na vumbi na chumvi ya kawaida, na chumvi ni kloraidi. Kwenye chungu hayana neno. Kwenye aluminiamu ya moto ni adui.

Wa pili ni kostiki soda ya watengeneza sabuni, ambayo wapo wanaoiita magadi soda. Hii inayeyusha aluminiamu, na katika kuyeyusha inatoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Nimeona mtu ameitia kwenye rejeta. Alikuwa na bahati kwamba alipoteza rejeta tu.

Wa tatu ni bekin soda, bikabonati ya sodiamu tupu, ya keki. Maji yake yanasoma pH 8 na kidogo, na hata ukizidisha hayapandi sana. Huyu ndiye tunayemtaka. Ukiwa dukani usiseme "magadi soda" ukapokea chochote. Soma pakiti.

Suuza kwanza mara moja kwa maji matupu. Kisha yeyusha gramu 60 za bekin soda kwenye maji, mimina, jazia, endesha injini dakika 10 ikiwa wazi. Mapovu kidogo mwanzoni ni asidi iliyobaki ikifa. Usimimine soda wakati asidi yote bado imo ndani: gesi itakurushia maji usoni, na utakuwa umetumia dawa mbili kutengeneza chumvi.

Zikibaki gramu 40, koroga na maji kidogo uoshe ule unga wa kijani na mweupe kwenye vichwa vya betri. Nao ni kazi ya asidi. Ila vizibo vya betri viwe vimefungwa, soda isiingie ndani.

Hatua ya 6: Suuza ya mwisho

Suuza mara mbili kwa maji ya bomba, kisha mara moja kwa maji ya betri, ukiendesha injini mpaka mpira wa juu upate moto kila mara.

Kwa nini maji ya mwisho yawe ya betri? Chukua kikombe cha maji ya bombani kwako ukichemshe kwenye sufuria mpaka kikauke. Ule weupe unaobaki ndio utakaokaa kwenye rejeta. Maji ya sehemu nyingi za Arusha yanatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru, ndiyo yenye floraidi inayotia meno kahawia, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yatakayobaki ndani ya injini ndiyo yatakayochanganyika na kulanti yako mpya.

Sasa pima pH ya maji yanayotoka. Huna karatasi? Chemsha rosela mpaka iwe nyekundu iliyokolea, chovya vipande vya karatasi nyeupe ya kuchujia, vikauke kivulini. Ndimu inavifanya vyekundu zaidi, bekin soda inavipeleka kwenye bluu na kijani. Fanya vyote viwili kwanza upate mifano ya kulinganisha. Kwa kulanti yenye rangi kipimo hiki kinadanganya, ila kwa maji meupe ya kusuuzia kinatosha.

Umefanikiwa ikiwa: maji ni meupe kama yalivyoingia na pH ni karibu 7.

Hatua ya 7: Hesabu ya kulanti

Kulanti inaitwa pia antifrizi, yaani kizuia kuganda, na jina hilo linawapotosha watu. "Moshi kunaganda lini?" wananiuliza. Hakugandi. Tunaitaka kwa mambo mengine: inazuia kutu, inapandisha nyuzi za kuchemka, na inalainisha wota pampu.

La kuchemka ni kubwa kwetu kuliko kwa mtu wa Dar. Arusha mjini, mita 1,400 hivi, maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 95. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 hivi, ni karibu 92. Na kule ndiko injini inakopanda ikihema, gia ya chini, watalii saba ndani. Mfuniko mzima wa rejeta wenye namba 0.9 unazuia shinikizo na kupeleka kuchemka kwa maji matupu ya Arusha hadi 116 hivi. Nusu kwa nusu ya glikoli inaongeza nyuzi nyingine 7 au 8. Mfuniko ukiwa na raba iliyokauka, yote hayo yamepotea. Ubadilishe, ni rahisi kuliko gasketi.

Sasa hesabu. Gari la lita 6 likimwagwa kwa koki ya chini peke yake, linaweza kutoa lita 3.5. Lita 2.5 za maji zimebaki ndani ya injini. Ukimimina lita 3.5 za kulanti iliyochanganywa tayari nusu kwa nusu, umeingiza glikoli lita 1.75 tu kati ya 6. Hiyo ni asilimia 29, si 50. Na ukikuta iliyokuwa dhaifu tangu dukani, unashuka chini ya 20, kiwango ambacho haizuii kutu na hata bakteria wanaweza kuota humo.

Njia sahihi: mimina kwanza lita 3 za kulanti nzito, nusu ya mfumo wote. Halafu jazia kwa maji ya betri mpaka ujae. Yaliyobaki ndani yamo tayari kwenye hesabu. Kama ulimwaga chini ya lita 3, weka kulanti nzito tupu kwa kiasi hicho, itakutosha. Kwa hali ya hewa yetu, kati ya theluthi na nusu ni sawa.

Usiweke kulanti tupu mfumo mzima ukidhani nguvu inaongezeka. Glikoli inabeba joto kidogo kuliko maji, injini itapata joto zaidi. Hata kwenye kuganda, ambako hatukuhitaji, tupu inaganda kwenye nyuzi 13 chini ya sifuri ilhali nusu kwa nusu inafika 37 chini ya sifuri. Watoto darasani hawakuwa wakiniamini kwa hili.

Hatua ya 8: Toa hewa

Wengi wanaofuata kila kitu vizuri wanaangukia hapa. Povu la hewa likikaa kwenye silinda hedi, chuma pale hakiguswi na kulanti, na kipimo kinaweza kisionyeshe mpaka umechelewa.

Egesha gari pua ikiangalia juu ya mlima, ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko vyote. Huku kwetu mwinuko hautafutwi. Hita kwenye moto, mfuniko wazi, injini ikinguruma taratibu. Jazia kadiri kimo kinavyoshuka. Gari likiwa na skrubu ya kutolea hewa karibu na themostati, ilegeze mpaka itoke kulanti bila povu, ikaze. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili. Funga mfuniko, jaza tangi la akiba hadi alama ya juu.

Umefanikiwa ikiwa: mpira wa juu na wa chini wote ni wa moto, na hita inapuliza joto bila kukatika. Hita ikipuliza baridi ilhali injini ni ya moto, hewa bado imo.

Hatua ya 9: Lipandishe gari mlima, kisha usubiri

Endesha kilomita chache tambarare, kisha panda. Wa Moshi apande kuelekea Kibosho, wa Arusha apande Ngaramtoni. Mshale wa joto usimame palepale, kidogo chini ya nusu. Ukivuka, simama kando, zima kiyoyozi, washa hita, usifungue kitu.

Kesho yake asubuhi gari likiwa baridi, fungua mfuniko. Kimo kushuka nusu kikombe au kikombe ni kawaida, hewa ya mwisho imetoka. Jazia mchanganyiko ule ule, si maji ya bomba. Asubuhi ya tatu kisishuke tena. Kikiendelea kushuka na huoni tone chini ya gari, zulia la abiria limelowa na linanata, ujue hita inavuja. Zulia kavu, lakini moshi mweupe wenye harufu tamu unatoka ekzosi, ni gasketi.

Andika tarehe na aina ya kulanti kwenye kipande cha plasta, ubandike chini ya boneti. Nyingi za zamani za kijani zinabadilishwa baada ya miaka 2, zile za asidi za kikaboni zinafika 5. Yule kijana nimembandikia mwenyewe, kwenye rejeta mpya.